Sabuni ya Kona Iliyokatwa

Kasulu

Baba Habonimana,

Mwakeye? Sisi tunaamka salama. Mvua imebomoa ukuta wa jikoni, kwa hiyo sabuni ya mawese sasa naipikia nje. Wateja ni wale wale: watumishi wakipokea mshahara wananunua sabuni za dukani, mshahara ukiisha wanarudi kwangu kwa upole. Habonimana ameanza shule. Akiulizwa baba yuko wapi, anajibu Kahama, kama ulivyotuambia siku unaondoka.

Leo amepita sokoni binti mmoja. Alikuja kwa mama yake kulelewa uzazi, sasa anarudi Kibondo. Anasema sabuni za dukani zinamtoa mtoto vipele, anataka kama ile ya nyumbani kwake, na akanionyesha nusu mche uliobaki. Kona moja imekatwa, kama tulivyokubaliana mimi na wewe tulipoanza, ili wateja waitambue yetu.

Nikamuuliza nani anaipika.

"Mume wangu," akasema, akacheka kwa fahari.

Nikamfunua mtoto nikamtazama. Ana masikio yako.

Yuko hapa kwenye benchi ananyonyesha. Nimemwambia naandika oda ya mawese ampelekee mume wake, fundi mwenzangu. Usimwambie kitu, maziwa yatamkaukia.

Miche ninayompa ni ya jana, sina mingine. Ianike vizuri kabla mtoto hajaogeshwa nayo. Unajua mwenyewe sabuni mbichi inavyochubua.

Mama Habonimana