Kanuni Iliyotungwa Sebuleni Kwetu

Nkwenda, 9 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Habari za Kituntu, na mgongo unaendeleaje? Sisi hatujambo, ila Hirwa anaota meno na mimi usingizi nimeusahau. Naandika maana kwenye simu ungenikatia.

Mama, nataka mtoto abatizwe Pasaka. Jumapili ile nilipokuja, mkungu wangu wa sadaka mliupokea, mkaunadi nje ya kanisa, Mzee Kaijage mwenyewe akaununua. Nilipotaja jina la mtoto, ninyi wazee wa kanisa mkasema hapokelewi mpaka nitubu mbele ya usharika kwa kukaa na Theoneste bila ndoa. Yaani ndizi zangu safi, mtoto wangu mchafu?

Mwanao,
Benitha

Kituntu, 2 Machi 2025

Mwanangu Benitha,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Hirwa mbebe mgongoni, atalala.

Hili la ubatizo, acha ubishi. Kanuni za kanisa ni za Mungu. Nizivunje kwa sababu ni mjukuu wangu? Njoo usimame mbele, useme umekosa, yaishe.

Mama yako,
Auleria

Nkwenda, 10 Machi 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Pole na mgongo. Jino la Hirwa limetoka, na ameshaniuma nalo akinyonya.

Nisikilize bila kukasirika. Kanuni hiyo ilitungwa sebuleni kwetu. Nilikuwa darasa la sita, nawaletea wazee chai. Mzee Kaijage akasema, "Tukilegeza, hawa wasichana watatushinda." Mkanyoosha mikono, na wewe ukanyoosha, mkaendelea na karanga. Niliiona mikono yote, Mama. Ya Mungu haikuwemo.

Ubatizo ndio wa Mungu, ndiyo maana nauhangaikia. Ndoa tutafunga, msimu wa kahawa ukiisha. Lakini sisimami mbele ya watu niseme mwanangu ni kosa. Mlichokipitisha ninyi, ninyi mnaweza kukiondoa. Nakupenda, na hapo sisogei.

Mwanao,
Benitha

Kituntu, 26 Mei 2025

Mwanangu,

Hujambo? Hirwa hajambo? Pasaka imepita nimekaa kimya. Sikuwa nimekasirika, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nimesema kwenye baraza la wazee. Nimesema kanuni hii tuliitunga sisi, nami nilikuwepo, tuiondoe. Mzee Kaijage akaniuliza, "Auleria, leo unapingana na Mungu?" Nikamwambia, "Napingana na wewe, Kaijage. Mungu hajasema kitu." Wengine walicheka, lakini walioniunga mkono hawakutosha. Kikao kijacho nitasema tena.

Tangu hapo sikai tena mbele na wazee. Nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, wanapokaa waliotengwa. Jana mchungaji alinifuata huko, akaniuliza nimekosa nini. Nikamwambia sijakosa kitu, namshikia mjukuu wangu nafasi.

Njooni Jumapili.

Mama yako,
bibi yake Hirwa