Kabati la Kijivu la Mae

Jumatano, 3 Septemba

Madaftari arobaini yamesahihishwa. Nikapitia tena dukani, mara ya tatu wiki hii. Muuzaji ameshanizoea, hainuki hata kwenye kiti. Makabati ya sinki yanayonivuta ni mawili: jeupe la kutundika ukutani, na la kijivu kilichokolea, la kusimama sakafuni. Nalitaka jeupe. Lakini kabati ni la mama yangu, Mae kama tunavyomwita kwetu, si langu.

Mae aliteleza bafuni kwake Muleba, lile la mabati nyuma ya migomba. Nyonga haikuvunjika, ila sasa anatembea na fimbo. Tangu Tata, baba yangu, afariki anaishi peke yake. Nikimfikiria juu ya yale mawe yenye utelezi napata hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 4 Septemba

Chumba cha Mae kimekwisha. Mume wangu Projestus amekijenga ubavuni mwa nyumba, kina mlango wake wa nje na bafu lake. Mama mkwe kuoga anapooga mkwe wake? Mae angerudi Muleba kwa miguu, na fimbo yake. Hata hivyo amekubali wiki mbili tu. Mimi nataka abaki. Sina ninachokitaka zaidi ya hicho mwaka huu.

Nimempigia simu kumuuliza rangi.

"Nyeupe ni ya hospitali," akasema. "Nimetoka huko juzi."

Basi.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimenunua la kijivu. Projestus naye alilitaka hilo la kusimama. Mwenye nyonga mbovu hushika kilicho karibu, anasema, na la ukutani lingemfuata chini.

Mae ni mfupi. Fundi alitaka vipimo, sikuwa navyo, nikamwonyesha kwa mkono: ananifika hapa, begani. Akacheka, akakata miguu ya kabati. Limekaa sawa.

Nimelijaza. Taulo tatu, sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kupaka, hadi kitana. Nimejisifu sana.

Jumapili, 7 Septemba

Mae amefika. Begi moja na kikapu kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa. Kwake hakuna mgeni anayeketi bila kupewa punje mbili tatu. Mwenye nyumba ndiye hutoa. Hapa nimetoa mimi, zangu, na yeye akapokea kwa mikono miwili kama mgeni yeyote. Imeniuma.

Kabati aliligusa kwa kidole kimoja. "Zuri," akasema, kama mtu anayesifu mtoto wa jirani.

Jumatano, 10 Septemba

Anaoga bila shida. Akiinama anashika ukingo wa kabati, nimechungulia. Lakini halifungui. Mswaki wake, sabuni yake, kitana chake, vyote vinarudi kwenye mfuko wa kitambaa. Mfuko unarudi begini. Begi liko mlangoni. Kila asubuhi hivyo hivyo.

Nimemwambia taulo ni zake. Akasema ni za mwenye nyumba.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumegombana. Kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya zaidi.

Kosa ni langu. Alipokuwa nje anaota jua nilitoa vitu vyake begini, nikavipanga kwenye droo. Aliporudi alivitoa kimoja kimoja. Kisha akaniuliza Jumapili ya tarehe ishirini na moja gari la Muleba linaondoka saa ngapi. Kibanja chake cha migomba hakijapaliwa. "Tata yako amelala pale peke yake," akasema.

Nimelia jikoni. Nimemkasirikia marehemu baba yangu kwa kuwa na kaburi. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 13 Septemba

Projestus hajakanyaga kile chumba tangu Mae aingie, wanasalimiana kwa mbali, kila mtu akitazama pembeni. Lakini ndiye aliyeona.

"Umempa kabati lililojaa," akasema. "Ungeolewa hapa ukakuta kabati limejaa vitu vya mama yangu, vyako ungeweka wapi?"

Nilinuna saa nzima kwa sababu alikuwa sahihi. Kisha nikatoa kila kitu, nikafuta ndani kwa kitambaa. Fundi akaja kuweka kitasa. Ufunguo mmoja tu. Projestus aliuweka juu ya sahani, akanituma. "Mwambie umetoka kwa mkwe wake."

Nikampelekea. Nikamwambia pia kwamba kila mwezi nitampeleka kibanjani, tupalilie kwa Tata pamoja, abaki au asibaki. Aliufunga ufunguo kwenye pindo la kanga.

Jumatatu, 15 Septemba

Begi bado liko mlangoni. Sijauliza. Nimefundisha hovyo.

Alhamisi, 18 Septemba

Begi mlangoni.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimemfulia kanga zake za safari. Nimezikunja vizuri, nikampa. Naogopa kesho.

Jumapili, 21 Septemba

Nilienda kumwamsha mapema awahi gari. Alikuwa ameshaamka, ameketi kitandani, amevaa kanga ya nyumbani. Begi halikuwa mlangoni. Lilikuwa chini ya kitanda, limekunjwa, tupu.

Nikapita bafuni kujifanya natazama bomba. Sabuni yake iko kwenye kisahani. Mswaki umesimama kwenye kikombe.

Akanifuata polepole na fimbo. Akafungua pindo, akatoa ufunguo, akafungua kabati. Kanga zake zilikuwa mle ndani, na rozari, na picha ya Tata, na kile kikapu. Akamwani kwenye kabati la bafuni. Siku nyingine ningesema.

"Karibu," akasema. "Rudi chumbani ukae, utafune."

Akaketi kitandani kwake, akanyoosha mkono wenye punje tatu. Nilipiga magoti, nikapokea kwa mikono miwili.