Kikuku cha Mjomba Idi

Sydenham, Durban
Jumapili, 6 Julai

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako la kushoto linasemaje siku hizi? Sisi wa huku tu wazima. Leo nimeazimia kukueleza yote, na jirani yako dada Rehema, anayekusomea kwenye simu yake, asiruke mstari hata ukimkunjia uso.

Ni habari za Mjomba Idi. Tulipokwambia amefungwa kwa ajili ya unga, uliuliza huku kwetu unga umeharamishwa lini. Ulipofahamu ni unga gani, ukasema huna mtoto wa jina hilo. Tangu hapo Mama hakumtaja tena kwako, ndiyo maana hujui kwamba ametoka gerezani na anaishi kwetu.

Ametoka kwa masharti. Amefungwa mguuni kidude cheusi cha plastiki kinachowaonyesha maofisa mahali alipo saa zote. Sisi tunakiita kikuku. Kila siku lazima kichajiwe saa mbili nzima, naye akiwa amekivaa, kwa hiyo hukaa jikoni kachomekwa ukutani, na Mama humpa mbaazi amenye. Mama anasema mdogo wake hajapata kutulia hivi tangu azaliwe.

Haruhusiwi kuvuka geti, isipokuwa Ijumaa kwenda msikitini, saa sita hadi saa nane kamili. Amepata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala moja huko Mobeni, lakini ofisa wake alimwambia akae miezi mitatu bila kosa ndipo aombe ruhusa ya kwenda kazini. Akichelewa hata mara moja, anaweza kurudishwa gerezani. Miezi hiyo ilitimia juzi Ijumaa.

Ijumaa hiyo khatibu alikuwa mgeni, na alikuwa na mengi ya kusema. Mimi na Mama tulikuwa juu, upande wa wanawake, nikimwona Mjomba chini karibu na Baba. Kikuku kikaanza kutetemeka kumkumbusha muda. Mzee aliyekaa mbele yake akageuka, akamwonyesha mfuko, yaani azime simu. Kwa kuwa watu hawasemi wakati wa hotuba, Mjomba akamwonyesha mguu. Mzee akautazama, kisha akahamia safu nyingine.

Sala ilipokwisha zilibaki dakika kumi na mbili, na mtu alikuwa ameondoka na ndara zake. Mjomba akatoka pekupeku.

"Kimbia, Idi," Mama akamwambia.

"Nikikimbia, dada, wataniita mwizi. Nikitembea, wataniita mtoro."

Basi akaenda mwendo wa katikati, kanzu kaipandisha magotini. Baba akamfuata mbio, ameshika ndara za mtu mwingine, akimwita asimame azivae. Mlinzi wa duka akainuka, akidhani ni mwizi na mwenye mali. Pale kwenye taa za barabarani, ambazo huku huitwa roboti, hukaa Mama Furaha, Mkongo anayeuza mboga.

"Tonton, iko nini ku mguu? Iko bijou?" akamuuliza, yaani mjomba, hilo ni pambo?

"Ni ya serikali, mama," Mjomba akajibu bila kupunguza mwendo.

Aligusa geti zikiwa zimebaki dakika mbili. Simu ikalia hapo hapo. Ofisa wake, mama mmoja mkali, alitaka kujua amepanda taksi ya nani, maana kwenye ramani alionekana akienda kasi.

"Nilikuwa kwa miguu, madam. Hotuba ilikuwa ndefu."

Yule mama akasema hata kanisani kwao ni hivyo hivyo. Jioni akatuma fomu ya kazi.

Fomu inatakiwa Alhamisi. Mwandiko wangu ndio unaosomeka hapa nyumbani, kwa hiyo najaza mimi, Mjomba ananijibu. Umri, shule, kazi alizowahi kufanya, vyote kajibu. Kuna mstari wa mzazi atakayepigiwa simu, aulizwe kama mwanawe ni mtu wa kuaminika. Mkalimani yupo, nimeuliza. Hapo Mjomba akainamia bakuli lake la mbaazi.

"Huko sijapewa ruhusa ya kufika," akasema.

Mama akajifanya anatafuta chumvi.

Nisalimie babu mdogo, fundi cherehani, na shangazi wa sokoni, na mwalimu wangu wa chuo aliyenifundisha kusema kweli. Ni mimi mjukuu wako Mwanahawa, kalamu mkononi na mstari mmoja mtupu. Bibi, niandike jina lako?