Kwa Nini Cécilia Anakataa Tableti

Kabambare, Jumatano

Kwa mudogo wangu Mama Iliasi, kule Kasongo,

Salamu aleikum. Mgongo unakusumbua bado? Soko inakwenda? Mimi ningali muzima: meno tano, njaa ya meno makumi tatu. Ningali mulinzi wa dispansari, nachunga mlango ambao hata mbuzi hawaniombi ruhusa ya kuupita.

Tumepata mugeni, Dokta Blaise. Alishuka kwenye pikipiki na vumbi mpaka kwenye kope, nikamuuliza kama amekuja kuponya watu ao kuzikwa. Akasema anafanya utafiti: anatafuta sababu waganga wanakataa kuandika wagonjwa ndani ya tableti, wanashikilia kitabu cha karatasi. Muganga wetu Cécilia akamujibu umeme hakuna. Dokta akatoa sahani ya jua. Cécilia akasema macho yanauma. Dokta akamupa miwani. Basi akarudia kitabu chake cha karatasi, na dokta akaandika kwamba mama huyu ni kichwa ngumu, afadhali atolewe kazini.

Ukweli hauko pale. Zamani, mutu akiletwa na risasi, tulimwandika kitabuni: "ameanguka toka mungazi," ule muti wa mafuta ya mawese. Watu wa bunduki wakija kutafuta adui waliyemujeruhi, wanasoma, wanachoka, wanakwenda. Mara moja kamanda wao aliuliza kama kijiji hiki kinazaa watu ao ngazi za kuiva. Nilicheka, kitako cha bunduki kikaniondolea jino la sita.

Tableti ilipokuja, walitufundisha kuweka kweli tupu: jina, kidonda, kitanda. Cécilia akatii.

Mama Iliasi, kaa chini. Mwaka jana mutoto wako alipoletwa toka Salamabila na risasi pajani, nilikuandikia kwamba kidonda kilimuua. Nilidanganya. Kidonda kilikuwa kinapona. Alikuwa anakula mihogo yangu na kuniita muzee mwizi. Siku ya tano, saa sita mchana, watu wa bunduki wakaja. Kitabu wakakitupa. Walitaka tableti ifunguke. Walimuvunja Cécilia vidole vinne, kimoja kimoja. Alilia, lakini namba ya siri hakuitoa. Kisha panga likaja kwenye shingo yangu. Namba ile mimi niliijua: nilikuwa nachungulia nyuma ya bega lake, nipate kujisifu kwamba muzee wa darasa la tatu anaweza kufungua mashine. Nikaisema. Hawakuniuliza mara mbili.

Wakasoma: Iliasi, risasi, kitanda cha pili. Walimukatakata pale pale kitandani, naye anaita mjomba, mjomba. Damu niliipangusa mimi.

Tangu siku ile Cécilia hagusi tableti, wala hajanitaja kwa mutu. Sasa yuko karibu kufukuzwa kwa ajili ya mdomo wangu. Barua hii ikishakufikia, nitamwambia dokta yote, aandike. Si haki mugeni asikie kabla ya mama.

Ukitaka kuja kunipiga, njoo. Pikipiki ni siku mbili, mvua iko inanyesha, vaa nguo ya kuchafuka. Sitakimbia; hata magoti hayakubali. Musalimie jirani yako Soraya, na kila mutu anayeuliza habari yangu.

Ni mimi,
Bakari