Fremu ya Arobaini kwa Nane

3 Machi. Asubuhi ya mawingu, mvua haijaamua.

Kwako mwanangu,

Hujambo huko? Sisi tunasukuma siku, ila chakula bado kinamshinda baba yako. Nimekunakilia kutoka kwenye shajara yangu uzito wake wa Jumamosi kumi na nne, tuliopima kwenye mizani ya muuza nafaka. Jirani huyo humtania kwamba siku moja atamuuza rejareja.

Daktari amesema uzito ukizidi kushuka aende hospitali kubwa bila kungoja. Yeye hataki. Anasema namba ni maneno ya waliosoma. Yeye seremala, anaamini jicho. Kasema, "Mwambie mwanao, huyo Fundi Mistari, anichoree. Mstari ukiinama, nitakwenda."

Fremu ameshaitengeneza kwa mabaki ya mbao, ya kutundika juu ya mlango wa chumbani ili aione akiwa kitandani. Upana sentimita arobaini, kimo nane. Herufi ziwe kubwa kwa ajili ya macho yake.

Mama yako

9 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo, na Baba mfikishie yake. Mimi mzima, kazi tu imenikaba.

Namba zako nimeziingiza kwenye programu yetu ya takwimu. Kwenye skrini mstari unateremka kama ngazi. Akiuona hatakuwa na la kubisha. Nimekuza herufi, nikanenepesha mstari, kisha nikaiamuru programu iihifadhi picha kwa upana arobaini na kimo nane, kama alivyotaka bwana fundi. Mchapaji ameiviringisha kwenye bomba la karatasi nami nakimbilia basi la vifurushi kabla halijaondoka.

Mpelekeni hospitali wiki hii hii, Mama. Mwambie mimi nimesema.

Mwanao

14 Machi. Jua kali tangu saa moja.

Mwanangu,

Natumai hujambo. Picha imefika, na imeingia kwenye fremu kama mkono kwenye mfuko.

Baba yako alipanda kwenye kigoda, akauwekea mstari pima maji chini yake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. "Hata paa la banda la kuku limeinama kuliko huu. Siendi popote."

Nilifungua shajara. Jumamosi ya kwanza kilo sitini na nane, ya mwisho hamsini na tisa. Nikaitazama tena picha yako, nikajiambia mwanangu amesoma kuliko mimi. Nikaifunga shajara.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulize umeamkaje, na nyumba iko hivyo.

Siku zote za msiba wa Baba nililala chumba kile, picha ikinitazama kutoka juu ya mlango, na nilishindwa kukuambia. Naandika kwa kuwa uso kwa uso sitaweza.

Niliyoiona kwenye skrini ilikuwa na kimo kama upana wake. Nilipoihifadhi kwa vipimo vya fremu, herufi zile kubwa hazikupungua. Zilikula nafasi yote, mstari ukabanwa kwenye upenyo wa vidole viwili na ukalala. Ningeifungua mara moja tu kabla ya kuichapa, ningeona. Kuna hata amri ya kuionyesha kwanza kwa kipimo kile kile. Huwafundisha wenzangu kila siku.

Mama, mimi ndiye niliyemwambia asiende. Nimeweka humu ile iliyopaswa kuja, ishirini kwa ishirini. Niambie kama nije, au nikae mbali na macho yako.

Mwanao

10 Mei. Umande, kisha jua hafifu.

Marahaba mwanangu,

Picha yako nimeiona. Inateremka kweli.

Sasa nisikilize. Namba zilikuwa kwangu. Mkanda wa suruali wa baba yako niliutoboa matundu matatu mapya kwa msumari, kwa mikono hii. Kisha nikaiamini karatasi, kwa kuwa nilitaka kuiamini. Usijitwike peke yako mzigo wa watu wawili.

Jana niliishusha fremu kuipangusa. Nyuma ameandika kwa penseli yake ya kazi: "Umeshuka sm 1½." Alikuwa ameupima mstari. Sijui aliupima kwa mazoea tu, au alijua na akachagua. Nimemuuliza usiku mzima. Unajua alivyokuwa hapendi kuulizwa.

Njoo. Picha mpya haiingii kwenye fremu yake, na mimi sitaki fremu iguswe na msumeno. Utaniambia tufanye nini.

Tangu tumzike, kwenye shajara mahali ninapoandika saa niliyolala pako wazi.

Mama yako

Nimeifungua tena bahasha kuongeza hili. Nilijilaza upande wake kidogo, nikingoja mpeleka barua apite. Usingizi ulinichukua saa nne na dakika kumi asubuhi.