Baba, Kisanduku Chako cha Mtaroni Kilizima

Baba yangu uliyelala makaburini Bombo,

Ijumaa iliyopita kisanduku chako kilizima. Alinipigia simu Mama Atieno, yule jirani yako Mkenya anayepika chapati karibu na daraja la miguu. Unajua asivyopenda maneno mengi. "Zaitun, ile taa ya kijani ya baba yako imekufa," akasema. "Na mvua inakuja." Nikatazama nje ya dirisha la ofisi, huku Nakasero. Upande wa ziwani kulikuwa kumeshakuwa kweusi.

Nilimdanganya bosi kwamba tumbo linauma. Nikachukua boda, nikasimama sokoni Kikuubo kununua kadi mpya ya kumbukumbu, kisha nikateremka Namuwongo, mtaani kwako.

Njia nzima nilikuwa nakumbuka siku tuliyokifunga. Ulikuwa umestaafu jeshi, baada ya miaka yote ile ya kushughulika na redio za mawasiliano, ukaenda kuishi chini ya reli, mahali ambapo mtaro ukijaa unaingia majumbani bila hodi. Ulichoka kuona watu wanashtukizwa. Ukanunua kompyuta ndogo, bodi moja tu isiyozidi kiganja, ukaitia ndani ya kopo la plastiki la chakula, ukaifunga kwenye nguzo pamoja na kipimo kinachotazama maji na king'ora cha kuwaamsha watu. Mimi nilishika ngazi. Ulikuwa na miaka sitini na saba na hukutaka nipande mimi.

Tuligombana siku hiyohiyo, unakumbuka? Ndani ya bodi uliacha mfumo wa kuiendesha ambao ilitoka nao kiwandani. Nikakwambia, "Baba, weka Linux ya kawaida, ile inayojulikana na kila fundi. Hawa wa kiwandani wakiuacha huu wao, tutabaki peke yetu."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi wacha. Jeshini hatukufungua redio inayoongea."

Ijumaa nilipanda nguzoni nikaitoa bodi kwenye kopo, nikafungua kompyuta yangu juu ya meza ya Mama Atieno, kati ya unga na mafuta. Kadi yako ilikuwa imeharibika kabisa, haikusomeka. Nikautafuta ule mfumo wa kiwandani kwenye mtandao, nikakuta ukurasa wao umeondolewa. Niseme kweli, kwa muda mfupi nilifurahi. Nilikuwa nimekushinda. Halafu nikaona aibu.

Nikapakua Linux ya kawaida, nikaiandika kwenye kadi mpya, nikaichomeka. Taa nyekundu ikawaka, basi. Nikaunganisha ile kebo ya nyaya tatu inayonionyesha bodi inasema nini ikiamka. Haikusema kitu. Hata herufi moja.

Ilinichukua karibu saa nzima kukumbuka kosa langu. Kompyuta kama yangu huamka yenyewe na kuutafuta mfumo wake. Bodi hizi ndogo zinataka programu ya kuziamsha iandikwe mwanzoni kabisa mwa kadi, na kila aina ina yake. Nikafuta vumbi kwenye bodi kwa ncha ya leso nikasoma jina lake, nikaitafuta programu hiyo, nikaiandika.

Safari hii maandishi yalishuka kwenye kioo, mistari mingi, kisha yakasimama. Nilikuwa nimeipa faili la maelezo ya bodi nyingine inayofanana nayo, kwa hiyo haikuvitambua viungo vyake yenyewe. Hapo ndipo matone ya kwanza yalipopiga mabati.

Mama Atieno alikuwa anapandisha magunia ya unga juu ya kitanda. "Bado?"

"Bado."

"Maji imeanza kubadilika rangi."

Nilichomoa kadi, nikabadilisha faili, nikairudisha. Kwa haraka kadi ikanidondoka kwenye unga, nikaipuliza. Maandishi yakashuka tena. Nilishikilia ukingo wa meza nikisubiri yasimame palepale. Hayakusimama. Yalifika mwisho, bodi ikaniuliza jina na nywila.

Nikaandika programu fupi ya kusoma kipimo na kupiga king'ora. Ndipo nikagundua kwamba sijui kitu kimoja: maji yakifika wapi ndipo kilie? Namba hiyo ulikuwa nayo wewe kichwani. Nilikukasirikia pale, Baba, kwa sauti, mbele ya mtu mzima. "Huyu mzee hakuandika hata mstari mmoja!"

Mama Atieno akaliweka chini gunia alilobeba. "Aliniuliza mimi," akasema. "Kila mvua anakuja hapa: maji ilifika wapi kabla haijaingia kwako? Nikamwonyesha jiwe la tatu kutoka juu, kwa ukuta wa mtaro. Akasema ikifika hapo, watu wabebe watoto tu, vitu waache."

Nikatoka na futi kwenye mvua. Yeye alinishika mkanda wa suruali, mimi nikainama na kupima kutoka kwenye kipimo hadi jiwe la tatu. Sentimita tisini na mbili. Nikaiandika namba hiyo, nikapanda ngazi, nikairudisha bodi, nikafunga kopo. Maji yalikuwa yamebakiza jiwe moja.

King'ora kililia kama saa kumi jioni hivi. Nilikaa kwenye tuta la reli nikawaona watu wakipanda, mmoja na godoro kichwani ingawa walikuwa wanamkemea aliache, mwingine amembeba mama yake mgongoni. Maji yaliingia kwa Mama Atieno hadi magotini. Jiko lake lilikwenda, na magunia mawili. Tulihesabu watu mara mbili. Wote walikuwapo.

Jumapili niliandika kila hatua, kuanzia ile programu ya kuiamsha hadi jiwe la tatu. Nakala moja iko ndani ya kopo, moja kwa Mama Atieno, moja kwa fundi simu wa pale relini. Fundi alisoma mara moja akasema, "Kale, sawa, hii naiweza." Yeye Linux hiyo anaijua.

Miezi minne nimekuwa nikiwaambia watu kwamba uliondoka bila kumwonyesha mtu yeyote kazi yako. Nilimwambia Mama huko nyumbani. Niliwaambia wajomba siku ya arobaini. Si kweli. Ile wiki ya mwisho ulinipigia simu ukasema, "Njoo Jumapili nikuonyeshe mambo ya kisanduku, nimechoka kuyabeba peke yangu." Nikakwambia nina kazi nyingi, labda Jumapili nyingine. Sikuwa na kazi. Nilikuwa bado nimenuna kwa sababu hukunisikiliza kuhusu Linux. Jumanne wakanipigia kwamba umefariki.

Hayo sijamwambia mtu. Naanza na wewe, halafu leo jioni nitamwambia Mama.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, Baba, na unisamehe ile Jumapili.

Mimi binti yako,
Zaitun