Tulivyomlilia Mama wa Chai ya Tangawizi

Jumapili, Agosti 2013. Mbozi.

Baridi ya leo inauma kama mbwa mwenye watoto. Ukungu ulikaa juu ya mibuni tangu alfajiri, haukutaka kuondoka mpaka tuliporudi kanisani. Magoti yangu yanalalamika. Moyo una nafuu.

Mimi sijui kusoma wala kuandika. Baba yangu alisema shule itaniharibu, nikaharibika bila shule. Kwa hiyo hapa nasema mimi, na anayeandika kwenye simu ni mjukuu wangu Tusekile. Blogu hii ni yake, aliifungua alipoanza chuo kikuu, kisha akaitelekeza. Leo nimemwambia, mke mwenzangu, ifungue, nina neno. Andika kama ninavyosema, usinipambe.

Ni yeye nitakayemsema. Anajua, na amekubali.

Tuse anasomea uuguzi. Alirudi hapa kahawa ilipoanza kuiva, wenzake wakiwa bado darasani. Alisema amepewa ruhusa. Sikumhoji. Mtu akipiga hodi kwa bibi yake haombwi barua.

Lakini mtoto aliyekuja hakuwa yule niliyemsindikiza stendi ya Vwawa. Huyu alilala kaelekea ukutani jua likiwa utosini. Kande, anayoililia tangu ana meno mawili, anaisukuma pembeni. Nywele hasuki. Nikimtania ananitazama kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya tatu.

Majirani wakaanza. Huyu anasema karogwa, yule anasema kafeli. Mimi nilidhani ni mimba, nikamwuliza pale pale, sijui kuzunguka.

“Tuse, una mimba?”

“Hapana, Bibi.”

“Bora ungekuwa nayo. Mimba tunajua lini inaisha.”

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sasa nitasema jambo ambalo yeye mwenyewe halijui, na itabidi aliandike. Siku moja tulikuwa tunachuma kahawa, akasema, kwa sauti ya kawaida tu kama mtu anayeomba chumvi, kwamba anatamani alale asiamke. Nilimwambia asogeze kikapu. Ndilo neno pekee lililonijia. Mchana alipolala nikaichukua ile dawa ya kupulizia kahawa, yote, nikaitia kwenye gunia, nikaipeleka kwa jirani yangu Mama Nzowa. Nikamwambia stoo yangu ina panya.

Ameacha kuandika. Ananitazama.

Andika, mwanangu. Ndiyo, ilikuwa kwa sababu yako. Ningekuwa na nguvu ningehamisha na stoo yenyewe.

Haya, ameendelea.

Tangu siku ile sikumwacha peke yake. Nilimpa kazi ya kuzungusha mashine ya kumenya kahawa, mimi namimina maji. Ile mashine ina kelele, na mimi naona watu husema vizuri kukiwa na kelele, maana wanadhani hawasikiki. Akasema.

Kulikuwa na mama mmoja, mtu mzima, kalazwa wodini, na Tuse ndiye aliyepangiwa kumhudumia. Mama yule akawa anamwita mwanangu. Akichelewa anamgombeza. Alimwahidi kwamba akitoka atamfundisha kupika chai ya maziwa yenye tangawizi, kwa sababu ile ya wodini, alisema, ni maji ya kuoshea vikombe. Asubuhi moja akafa kaushika mkono wa Tuse. Tuse akamfumba macho, akamwosha, akamfunga shuka. Kisha akanawa, akaenda kufanya jaribio, kwa sababu jaribio lilikuwa siku hiyo hiyo. Mkubwa wao alikuwa amewaambia, hapa hatulii, ukianza utalia kila siku. Akatii. Baada ya mama yule wakafuata wengine. Alinihesabia kwa vidole, mkono mmoja ukaisha, akaanza wa pili. Mmoja wao kitoto kichanga.

“Hata kulia siwezi tena, Bibi. Nimekauka.”

Nikaisimamisha mashine.

Mimi nimezika mume. Nimezika watoto. Nimezika mpaka wale walionizidi nguvu. Lakini hata mara moja sikuzika peke yangu. Watu walikuja na unga, wakaja na kuni, wakatandika mikeka wakalala kwangu, wakalia na mimi, hata wale tuliokuwa tunagombea nao mpaka wa shamba. Ndivyo nilivyovuka. Na huyu mtoto kafiwa mara zote hizo, hakuna aliyemletea hata bakuli la unga! Alikuwa na misiba ya kijiji kizima kifuani na haijalaliwa hata mmoja.

Nikajitanda kitenge, nikaenda kwa Mama Nzowa.

“Kuna msiba kwangu.”

“Mungu wangu, nani?”

“Ni wa Tuse.”

Nililisema vibaya. Mama Nzowa akapiga yowe, kuku wakatawanyika, akajitupa chini kashika kichwa. Ikabidi nami nipige kelele.

“Nyamaza wewe! Yuko hai, anaanika kahawa! Nasema kafiwa!”

Akainuka, akajipangusa vumbi, akanitukana kidogo. Kisha akauliza alete unga au maharage. Ndiyo maana ni jirani yangu.

Lakini lile yowe nililisikia. Nilisikia lingekuwaje lingekuwa la kweli. Nilirudi nyumbani nimeshikilia ua wa miti njia nzima.

Wanawake walikuja mchana, kuni kichwani, unga kwenye mabeseni. Wapo walionong’ona kwamba bibi kazeeka vibaya, anaweka msiba usio na maiti. Nikawaambia wanong’one wakiwa wamekaa, mikeka ipo. Tuse alipotoka akawaona, akageuka kurudi ndani. Nikamshika mkono, nikamkalisha mahali pa mfiwa.

Mama Nzowa ndiye mliaji wetu, akilia yeye hata mawe yanalowa. Habari za mama yule nilikuwa nimemsimulia pale kwake, ila alitaka jina.

“Marehemu tunamwitaje?”

“Siruhusiwi kumtaja, mama,” Tuse akasema. “Siri ya mgonjwa haitoki nje.”

“Ehe! Sasa mtu asiye na jina nitamliliaje mimi?”

Tuse anachora chini kwa kidole. Kisha akasema polepole, “Alipenda chai ya maziwa yenye tangawizi.”

Mama Nzowa akajifunga kitenge kiunoni, akainua mikono juu.

“Uwiii, mama wa chai ya tangawizi! Umeondoka, sufuria iko jikoni! Nani atatugombeza tukichelewa? Uwiii, umetuacha na maji ya kuoshea vikombe!”

Tuse alicheka.

Alicheka kile kicheko chake cha utotoni, cha puani. Halafu kikamkatikia katikati, na kilichofuata hakikuwa kicheko. Alilia mpaka kitenge changu kikalowa mapajani. Walionong’ona ndio waliolia zaidi, kila mtu ana wake. Kichanga tukakililia. Tukawalilia na wengine, wa vidole vyote. Jioni tukala ugali na maharage kwenye sinia moja, na mfiwa akanyoosha mkono akala. Sikumtazama, nisije nikamtisha kama ndege.

Sasa msije mkadhani kilio kilimponya. Kesho yake alielekea ukutani tena. Nikampigia mama yake, binti yangu anayeuza mchele Tunduma, karibu na mpaka, nikamwambia funga hiyo biashara uje. Tukampeleka Mbeya kwa daktari. Majirani wakasema, eti kapelekwa kwa daktari wa vichaa. Nikawajibu: jino likiuma mnakwenda, tumbo likiuma mnakwenda, roho ikiuma ndiyo mnataka tukae tuitazame?

Daktari alisema ugonjwa unaitwa sonona. Alisema huwapata sana wanafunzi wa kazi hizi, na unatibika. Akampa vidonge, akampangia na siku za kwenda kuzungumza. Tuse aliona aibu. Ugonjwa huo alikuwa ameusoma, kaujibia mpaka mtihani, lakini ulipomkalia yeye kifuani hakuutambua. Nikamwambia, kinyozi hajinyoi. Kaa, unyolewe.

Amekaa. Siku nyingine anaamka vizuri, nyingine namwona ukutani, namwacha kidogo, kisha namwita aje tuchambue kahawa. Juzi amesuka.

Kesho anarudi chuoni. Mwaka ataurudia, na mwenye kucheka acheke, akichoka atalala. Huko kuna mshauri anayemngoja, ameshaongea naye kwa simu. Ila mimi naogopa. Sitaficha. Kule hakuna mikeka, na hakuna Mama Nzowa.

Kwa hiyo tumepatana hivi. Mgonjwa akimfia, anibip. Asitaje jina, asimalize salio, bip moja tu, mimi nitajua. Nitawasha moto, nitamwita Mama Nzowa, tutakaa mkekani tumlilie huyo mtu wa watu, na yeye kule ajue kwamba mahali fulani pana msiba. Lakini siku akitamani tena kulala asiamke, hiyo siyo ya kubip. Siku hiyo amshike mtu aliye karibu, amwambie kwa maneno, kisha anipigie, hata kama nimelala, hata kama niko kanisani. Ameniapia. Nimemwapisha mara ya pili, maana mara ya kwanza alikuwa anatazama pembeni.

Ile dawa ya kahawa inabaki kule kule. Mama Nzowa aliniuliza lini nitaichukua. Nikamweleza ukweli. Akasema basi, na ibaki, hata kwake panya wamekwisha.

Tuse anauliza mwishoni aandike nini. Andika hivi: kesho nitaamka kabla ya jogoo, nichemshe maziwa, niitwange tangawizi mpaka chai ikukohoze. Utakunywa vikombe viwili, kimoja chako, kimoja cha yule mama. Kisha nenda, mke mwenzangu. Simu yangu ina chaji.